Upofu katika Michezo ya Ukoo wa Rogue: Kutoka Adhabu hadi Njia ya Kujua

Insha hii inahusu jambo dogo katika historia ya michezo ya kompyuta: namna upofu ulivyoingizwa katika mchezo wa Rogue, na namna maana yake ilivyobadilika ulipofika NetHack. Nimelichagua kwa sababu mchezo ni mkusanyiko wa kanuni. Msimulizi wa hadithi anaweza kusema kwamba shujaa wake amepofuka, kisha akaendelea na mambo mengine. Mtunzi wa mchezo hana nafasi hiyo. Lazima aamue kipofu anajua nini, hajui nini, na kwa muda gani. Kwa hiyo kanuni hizo zinatuonyesha watunzi walivyofikiri juu ya kutoona. Nitatumia neno "kipofu" kwa mhusika wa mchezo, na "asiyeona" kwa mtu halisi.

Rogue ulitungwa kuanzia mwaka 1980 hivi na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley alijiunga nao. Skrini za wakati huo zilionyesha maandishi tu, kwa hiyo shujaa alikuwa alama ya @, na kila kiumbe hatari alikuwa herufi moja kati ya A na Z. Mchezaji hushuka mahandaki yanayopangwa upya kila anapoanza, na shujaa akifa, mchezo umekwisha. Urithi huo wa mahandaki mapya na kifo kisicho na marejeo ndio unaotambulisha ukoo mzima.

Katika Rogue, upofu hutoka chupani. Shujaa huokota dawa asizozijua, zenye rangi zinazobadilika kila mchezo, na njia ya kawaida ya kujua kazi ya dawa ni kuinywa. Akinywa dawa ya upofu, viumbe hutoweka kwenye skrini ingawa bado wapo na bado wanamshambulia. Hali hiyo hudumu takriban zamu 850, isipokuwa apate dawa ya kuponya au ile ya kuona visivyoonekana. Basi. Hakuna anachopata kwa kutoona, na hakuna ujuzi mpya anaojifunza. Upofu hapa ni upungufu mtupu wenye saa: mchezaji anasubiri saa iishe, akiomba asikutane na adui.

Hatua ya pili ilianzia Massachusetts. Mwaka 1982 Jay Fenlason, akiwa shule ya sekondari, alitunga Hack pamoja na wenzake kwa kuiga Rogue. Andries Brouwer wa Amsterdam aliupanua na kuusambaza kupitia mtandao wa Usenet mwaka 1984, na mwaka 1987 kundi la watu waliokuwa wakiufanyia kazi kwa kuwasiliana mtandaoni wakatoa NetHack. Jina hilo lenyewe linakumbuka mtandao. Ninaamini njia hiyo ya kutunga ndiyo iliyobadilisha upofu. Mchezo uliopitia mikono ya watu wengi kwa miaka mingi uliendelea kuongezewa majibu ya swali lilelile: je, kama shujaa haoni, itakuwaje?

Majibu ni mengi. Kipofu wa NetHack hawezi kusoma kitabu cha uchawi. Hati ya uchawi anaweza kuitumia ikiwa tu anajua tayari maneno yaliyomo. Ramani ya alikopita hubaki, maana anakumbuka. Kuta na vitu hugundua kwa kupapasa, na kupapasa kuna hatari yake: akigusa bila glavu mzoga wa cockatrice, kiumbe anayefanana na kuku, anageuka jiwe. Macho yake yanaweza kuzibwa na keki ya krimu iliyorushwa usoni, na hapo anachohitaji ni kujifuta. Upofu wa namna nyingine huponywa kwa kula karoti, kwa pembe ya farasi wa pembe moja, au kwa sala. Tofauti na Rogue ni kwamba kipofu huyu ana mikono, ana kumbukumbu, na ana mambo ya kufanya.

Lakini badiliko kubwa zaidi linahusu jicho linaloelea, kiumbe mpole asiyemshambulia mtu. Anayempiga huku akimtazama anaweza kuganda kwa zamu nyingi, na wachezaji wengi wanaoanza wamefia hapo. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika handaki hili mwenye macho ndiye anayehitaji kuambiwa asitazame. Aliyejifunga kitambaa machoni hupiga bila madhara. Akimla jicho huyo, hupata uwezo wa kuhisi akili za viumbe kwa mbali, na tangu hapo kila anapokuwa kipofu huwaona viumbe wote wenye akili katika ghorofa nzima. Wasio na akili, kama maiti zinazotembea, hawaonekani. Vivyo hivyo kwa Medusa, ambaye macho yake hugeuza watu mawe: kitambaa cha macho ni kinga. Wachezaji wazoefu hubeba kitambaa hicho kwa makusudi na kukivaa wanapotaka kujua kilichopo mbele yao. Adhabu ya Rogue imekuwa chombo cha kazi.

Je, hayo ni maendeleo? Kwa sehemu tu. Kipofu mwenye uwezo wa ajabu ni wazo la kale sana. Wagiriki walikuwa na Tiresia, mtabiri asiyeona. Wazo hilo linaonekana kama heshima, lakini linamdai asiyeona alipe kutoona kwake kwa muujiza. Mwenzangu mmoja darasani haoni, na hana uwezo wa kuhisi akili zetu kwa mbali. Anachohitaji ni maandishi ambayo programu ya kompyuta yake inaweza kuyasoma kwa sauti. Maelezo ya somo yakitumwa kama picha zilizopigwa kwa simu, kompyuta yake hukaa kimya. Yakitumwa kama maandishi ya kawaida, anayamaliza kabla yetu.

Hapo ndipo ninapoona sura ya tatu ya historia hii, ambayo haimo katika chupa wala katika kitambaa. Imo katika mwongozo rasmi wa NetHack, wenye sehemu inayoeleza namna ya kupanga mchezo ili uchezwe na wasioona. Mwongozo unasema kwamba ramani inaweza kuchorwa kwa herufi na alama za kawaida za kibodi, ambazo programu za sauti na vifaa vya nukta nundu huweza kuzisoma. Matoleo ya karibuni yana chaguo la kumtajia mchezaji kila anapogonga ukuta, na jingine la kueleza kilichopo mahali anapoelekeza kishale. Tangu toleo la 3.6.0 la mwaka 2015, mchezaji anaweza pia kuanza na shujaa ambaye ni kipofu moja kwa moja, bila saa inayohesabu hadi apone.

Kwa kuhitimisha, upofu katika ukoo huu umepita hatua tatu. Rogue uliufanya kuwa hasara ya muda. NetHack uliufanya kuwa njia nyingine ya kujua, ukichanganya hekima na miujiza. Mwongozo wake ukamtambua asiyeona kuwa mchezaji, wala si hali ya mhusika. Naiona hatua hii ya mwisho kuwa kubwa kuliko zote, ingawa haihitaji uchawi. Herufi zilezile zilizochaguliwa mwaka 1980 kwa sababu skrini hazikuweza zaidi, ndizo zilizowafungulia mlango wasioona. Sisi tunaoandaa maandishi ya wenzetu wa darasani tunaweza kuwafungulia mlango huohuo leo, kwa kuyatuma kama maandishi.