Somo la Historia ya Sanaa: Lygia Clark na Sanaa ya Kuguswa

Baadhi yenu mmepata kufika katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Pale muuzaji hakuachi usimame mbali. Hukutia kinyago mkononi, ukakigeuza, ukapima uzito wa mpingo. Lakini ukiingia katika jumba la makumbusho, huenda ukakuta kinyago kama hicho kimefungiwa katika sanduku la kioo, na ubao umeandikwa: Usiguse. Mimi mwenyewe nimepata kukemewa na bawabu kwa kosa la kidole kimoja, na aibu ya siku ile sijaisahau.

Leo tutasoma habari za mama mmoja wa Brazili ambaye kazi yake ilikuwa kuuondoa ubao ule. Jina lake Lygia Clark. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Belo Horizonte, akafa 1988 katika Rio de Janeiro. Alianza kama wachoraji wengine, na tangu 1950 hata 1952 alisoma Paris. Mwaka 1959 yeye na wenzake wa Rio, pamoja na mshairi Ferreira Gullar, walitoa tangazo lao: kazi ya sanaa si kama mashine, bali ni kama kitu chenye uhai.

Basi, kitu chenye uhai hakitundikwi ukutani. Mwaka 1960 akaanza kutengeneza vitu alivyoviita Bichos, yaani wadudu au viumbe. Vilikuwa vibati vya alumini vilivyounganishwa kwa bawaba. Mtu alipokishika kimoja na kukikunja, kilikunjuka upande mwingine asioutazamia.

Miaka mitatu baadaye alipiga hatua kubwa zaidi, nayo twaweza kuijaribu sasa hivi. Chukua ukanda mrefu wa karatasi. Upinde mara moja, kisha ubandike ncha zake mbili kwa gundi, au hata kwa uji mzito wa unga. Toboa katikati kwa mkasi, ukate kufuata urefu wake. Utakapokaribia pale ulipoanzia, usikutanishe njia. Chagua kulia au kushoto, uendelee. Karatasi itazidi kuwa nyembamba na ndefu mpaka haikatiki tena. Kazi hii aliiita Caminhando, yaani Kutembea. Je, kazi yenyewe iko wapi? Karatasi iliyobaki ni takataka tu. Kazi ilikuwa kule kukata, na aliyekata ni wewe.

Mwaka 1966 aliumia kifundo cha mkono. Wakati huo alichukua mfuko wa plastiki, akaujaza hewa, akaweka kijiwe juu ya kona yake. Ukiubana mfuko kwa viganja, kijiwe hupanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Mwaka huo huo, yeye na rafiki yake Hélio Oiticica walifungana mikono kwa ukanda mmoja wa lastiki, mmoja akivuta na mwingine akihisi.

Yakumbukeni majira hayo. Wanajeshi walikuwa wamepindua serikali ya Brazili mwaka 1964, wakatawala hata 1985. Mnamo Desemba 1968 walifunga Bunge, na watu wengi walikamatwa na kuteswa. Clark alihamia Paris mwaka huo wa 1968. Sitasema kwamba vitu vyake vilikuwa siasa. Lakini katika nchi ambayo mkono wa dola ulimshika mtu ili kumwumiza, kumfundisha mtu kumshika mwenzake kwa upole halikuwa jambo dogo.

Huko Paris alifundisha katika Sorbonne tangu 1972. Zoezi moja la 1973 huwachukiza wengine: mtu hulala chini, na wenzake humzunguka, kila mmoja ana uzi kinywani uliozungushwa kwenye kijiti. Huuvuta uzi ukiwa umelowa mate, wakamfunika nao mwili mzima. Mimi pia sikupendezwa niliposoma habari hizi mara ya kwanza.

Aliporudi Rio mwaka 1976, aliacha hata jina la msanii. Aliwapokea watu nyumbani kwake, mmoja mmoja, akawalaza juu ya godoro, akawawekea mwilini mifuko ya maji, ya mchanga na ya hewa. Mkononi mwa mgonjwa alitia kijiwe. Lakini hakuwa amesomea kazi ya madaktari wa akili.

Mwaka 2014 jumba kubwa la sanaa la New York, liitwalo MoMA, lilionyesha kazi zake za miaka arobaini. Wageni walipewa nakala za Bichos wazikunje. Zile zilizotoka mikononi mwake mwenyewe zilikuwa za kutazamwa tu.

Muda wetu umekwisha. Ambao karatasi zao bado hazijakatika, endeleeni kukata.