'Ukoo wa Sita': Wanawake wa Somalia walivyoingia katika mazungumzo ya amani

TANGU serikali ya Mohamed Siad Barre ilipoangushwa Januari 1991, makongamano zaidi ya kumi yameitishwa kutafuta amani ya Somalia. Mengi yaliwaalika watu wale wale: wababe wa vita na wazee wa koo. Wanawake, ambao ndio walioachiwa mzigo wa kulea mayatima na kulisha jamaa, walibaki nje ya ukumbi.

Chanzo cha kutengwa huko ni mfumo wa koo wenyewe. Msomali huhesabiwa katika ukoo wa babake. Mwanamke akiolewa kwingine, ndugu zake humshuku kuwa atatetea maslahi ya mumewe, nao wakwe humwona mgeni. Isitoshe, hamo miongoni mwa wachangiao dia. Na akiuawa, dia yake kimila ni ngamia 50, ilhali ya mwanamume ni ngamia 100. Asiyechangia dia hana sauti barazani.

Hata hivyo, hali hiyo hiyo ya kuwa huku na huko ndiyo iliyowapa wanawake nguvu. Mogadishu ilipogawanyika mwishoni mwa 1991, kaskazini ikiwa chini ya Ali Mahdi Mohamed na kusini chini ya Mohamed Farah Aideed, mwanamke ambaye kwao ni upande mmoja na kwake ni upande wa pili aliweza kuvuka mahali ambapo mwanamume angehatarisha roho yake. Asha Hagi Elmi, ambaye ukoo aliozaliwa na ule alioolewa ilikuwa ikipigana, alishirikiana na wenzake mwaka 1992 kuunda shirika la Save Somali Women and Children, lililowakusanya wanawake wa koo mbalimbali.

Mkataba wa Addis Ababa wa Machi 1993 uliagiza kila mmoja wa mikoa 18 utoe wajumbe watatu, mmoja wao mwanamke. Agizo hilo liliishia karatasini.

Mageuzi yalikuja mwaka 2000 mjini Arta, Djibouti. Nafasi ziligawanywa kwa koo nne kubwa, yaani Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, pamoja na kundi la tano la jamii ndogo. Wanawake walipoona hawana mlango wa kupitia, Asha na wenzake walijitangaza kuwa ukoo wa sita, ukoo wa wanawake. Wakatengewa viti 25 katika bunge la wajumbe 245.

Ilikuwa hila ya busara, ingawa ilikuwa na gharama yake. Ili wasikike, wanawake walilazimika kuzungumza kwa lugha ya koo, mfumo ule ule uliowafungia nje.

Mazungumzo yaliyofuata yalifanyika Kenya, yakianzia Eldoret Oktoba 2002 kisha yakahamia Mbagathi, Nairobi. Mnamo Januari 29, 2004, Asha alitia saini makubaliano yaliyofikiwa huko, mwanamke wa kwanza wa Somalia kufanya hivyo. Katiba ya mpito iliwapa wanawake angalau asilimia 12 ya viti vya ubunge, yaani 33 kati ya 275. Lakini wazee wa koo ndio walioteua wabunge, na waliposoma orodha zao, wanawake hawakufika idadi hiyo. Asha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2008, vita vikiwa bado vinaendelea.

Mwaka 2012 viongozi waliahidi asilimia 30. Wanawake walipata karibu asilimia 14 mwaka huo, asilimia 24 katika uchaguzi wa 2016 na 2017, kisha wakashuka hadi takriban asilimia 20 katika ule wa 2021 na 2022. Katika uchaguzi huo wa mwisho, kila kiti kiliamuliwa na wajumbe 101, na mkono wa wazee wa koo ulikuwa mzito katika kuwateua wajumbe hao.