Kakuma: Sheria yaruhusu biashara, stakabadhi bado ni kikwazo

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, ilimpa mkimbizi aliye nchini Kenya haki ya kuajiriwa, kufanya taaluma yake na kuendesha biashara, akiwa peke yake au katika kikundi. Hakuna mahali ambapo haki hiyo ina uzito mkubwa kuliko Turkana Magharibi, ambako kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana karibu watu 300,000. Kaunti nzima ya Turkana ilihesabiwa kuwa na watu 926,976 katika sensa ya mwaka 2019.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa katika sheria si duka lililofunguliwa. Kabla ya mfanyabiashara kununua bidhaa Lodwar au Kitale, kuziuza Kakuma na kuweka faida yake benki, hupitia milango ya ofisi kadhaa, na kila mlango una sheria yake. Makala haya yanaeleza sheria hizo, zilivyobadilika katika miaka ya karibuni, na zinavyomgusa mwenyeji na mkimbizi.

Soko lililotangulia sheria

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kupokea vijana na familia zilizokimbia vita vya Sudan. Baadaye walifika Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Biashara ilianza mapema: maduka ya nguo na vyakula, hoteli, vinyozi, mafundi wa simu na wauzaji wa jumla.

Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba soko la kambi na mji wa Kakuma lilikuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na kwamba eneo hilo lilikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Biashara hizo zilikua wakati Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilikuwa bado inatumika. Sheria hiyo ya awali ilimweka mkimbizi chini ya masharti yale yale ya ajira yanayomhusu mgeni mwingine, na ilihesabu kuwa kosa kuishi nje ya eneo lililotengwa bila idhini.

Msukumo mwingine ulikuwa mfumo wa Bamba Chakula, ulioanzishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, mwaka 2015. Badala ya kupokea mgao wote kwa magunia, familia zilipata sehemu yake kama salio la simu la kununulia chakula kwa wafanyabiashara walioteuliwa, wakimbizi na wenyeji. Fedha za msaada zikaanza kuzunguka sokoni.

Sheria ya 2021 ilileta nini

Mambo manne katika sheria hiyo yanahusu biashara moja kwa moja. Kwanza, inatambua haki ya kufanya kazi na biashara. Pili, inazitaka serikali kuu na serikali za kaunti kumrahisishia mkimbizi upatikanaji wa stakabadhi anazohitaji ili achangie uchumi. Tatu, inakipa kitambulisho cha mkimbizi hadhi inayofanana na ile ya cheti cha usajili wa raia wa kigeni. Nne, inaelekeza kwamba wakimbizi na jamii zinazowapokea watumie kwa pamoja shule, hospitali na huduma nyingine za umma.

Kuna pia kifungu kinachohusu raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkimbizi kutoka nchi hizo anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki zinazotokana na mkataba wa jumuiya. Kifungu hiki kinawagusa wengi Kakuma, kwa kuwa Sudan Kusini ilijiunga na jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Lakini uamuzi huo una gharama: anayeiacha hadhi hiyo anauacha pia ulinzi unaoambatana nayo. Kwa mtu aliyeikimbia nchi yake kwa kuhofia maisha, leseni ya kuuza duka haiwezi kuwa badala ya ulinzi huo.

Kibali cha kazi na ruhusa ya kusafiri

Mgeni wa kawaida anayetaka kuwekeza Kenya huomba kibali cha daraja G, ambacho humtaka aonyeshe mtaji usiopungua dola 100,000. Mkimbizi ana daraja lake, M, ambalo halina sharti la mtaji huo. Kwa karatasi, tofauti hii ni kubwa. Kwa vitendo, kibali hutegemea kwanza kutambuliwa rasmi kuwa mkimbizi. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi bado hajafika kwenye mlango huo.

Kizuizi cha pili ni safari. Sheria ya 2021 haikufuta utaratibu wa maeneo yaliyotengwa kwa wakimbizi. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120, safari ya saa chache kwa gari, lakini mkimbizi anayetoka nje ya eneo lake huhitaji ruhusa ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Mwenye duka asiyeweza kusafiri hununua kwa bei ya anayeweza. Ndiyo maana wauzaji wa jumla wachache wenye mitandao ya Kitale, Eldoret na Nairobi wamekuwa na nguvu kubwa katika bei za Kakuma.

Leseni ya kaunti

Katiba ya mwaka 2010 iliweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa serikali za kaunti. Leseni ya duka lililo Kakuma kwa hiyo hutolewa na Kaunti ya Turkana, yenye makao yake Lodwar, na ada zake hupangwa katika sheria ya fedha ya kaunti. Ada hiyo haichagui uraia: mkimbizi hulipa kama Mturkana.

Kwa miaka mingi, wengi walilipa ada hiyo bila kuwa na uhakika wa kupata huduma za mji, kwa sababu kambi ilihesabiwa kuwa jukumu la serikali kuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR. Hali imeanza kubadilika tangu Kakuma ipewe hadhi ya manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Mijini na Miji ya mwaka 2011. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha idadi ya wakazi inayohitajika ili mji uwe manispaa hadi 50,000. Manispaa ina bodi, mpango wa matumizi ya ardhi na wajibu wa kuzoa taka na kutunza masoko. Mlipa ada sasa ana mahali pa kuuliza fedha zake zimefanya nini.

Kodi ya mauzo na ankara

Sheria za kodi hazitazami uraia bali ukaazi. Anayeishi nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi. Wenye maduka wa Kakuma na Lodwar wanahusika hasa na kodi ya mauzo, inayotozwa kwa jumla ya mauzo wala si kwa faida.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi hiyo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kuanzia Julai mwaka huo. Iliwalenga wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, ilhali awali kikomo kilikuwa Sh50 milioni. Duka lenye mauzo ya Sh2 milioni, ambalo lingelipa Sh20,000 kwa mwaka, likatakiwa kulipa Sh60,000, hata kama gharama za usafiri zimemeza sehemu kubwa ya faida.

Sheria hiyo hiyo ilileta sharti la ankara ya kielektroniki. Tangu Januari 2024, mnunuzi anayelipa kodi ya mapato hawezi kuhesabu gharama isiyo na ankara iliyotolewa kwa mfumo wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, unaojulikana kama eTIMS. Mwanakandarasi wa Lodwar anayehitaji saruji, au mwenye hoteli anayehitaji mbuzi, humpendelea muuzaji mwenye PIN ya KRA. Asiyekuwa nayo hupoteza oda bila kuambiwa sababu.

Marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yalilegeza sharti hilo kwa kumruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Mfugaji anayeuza mbuzi wachache sokoni ni miongoni mwa waliolengwa na unafuu wa aina hiyo.

Benki, simu na mkono wa Ulaya

Fedha ndizo mlango mgumu zaidi. Sheria ya kupambana na fedha haramu ya mwaka 2009 inazitaka benki kumtambua kila mteja, na kanuni za usajili wa laini zinamtaka kila mwenye laini ya simu aisajili kwa kitambulisho. Kitambulisho cha mkimbizi kikichelewa kutolewa au muda wake ukiisha, mwenye duka anaweza kukosa huduma za benki na za simu kwa wakati mmoja. Wengi wamekuwa wakitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au mteja Mkenya. Njia hiyo hurahisisha kazi siku ya kawaida, lakini siku ya ugomvi mwenye jina ndiye mwenye fedha.

Hapa ndipo maamuzi ya mbali yanapofika Kakuma. Februari 2024, kikosi kazi cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu, FATF, kiliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Juni 2025, Tume ya Umoja wa Ulaya nayo iliiongeza Kenya katika orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya fedha haramu. Sheria za Ulaya huzitaka benki na kampuni za fedha za huko kufanya uchunguzi wa ziada kwa miamala inayohusu nchi zilizo kwenye orodha hiyo.

Familia nyingi za Kakuma zina jamaa waliopata makazi Ulaya, Marekani, Kanada na Australia, na fedha wanazotuma ndizo mtaji wa maduka mengi. Uchunguzi wa ziada maana yake ni maswali zaidi, stakabadhi zaidi na siku zaidi kabla ya fedha kufika. Kenya ilirekebisha sheria zake za fedha haramu mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Ardhi na dhamana ya mkopo

Mwenyeji na mkimbizi hukutana katika tatizo moja: wote wawili kwa kawaida hawana hatimiliki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaiachia kaunti jukumu la kuishikilia kwa niaba ya jamii hadi isajiliwe, wala haiiruhusu kuiuza kwa matumizi ya kibinafsi. Jamii ikisajiliwa, mkataba wa uwekezaji huhitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili ya wanachama. Mgeni naye, kwa mujibu wa Katiba, hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99.

Nafuu ipo katika Sheria ya Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, inayoruhusu mkopaji kuweka rehani bidhaa, mashine au mifugo. Katika kaunti ambayo utajiri wake uko miguuni mwa mbuzi na ngamia, sheria hiyo ina nafasi kubwa, iwapo benki zitakubali kuitumia.

Swali la wenyeji

Wafanyabiashara wa Kiturkana huuza kuni, makaa na mifugo kambini, na wengi hununua unga na sukari kwa maduka ya wakimbizi. Kila upande ni mteja wa mwenzake. Hata hivyo, wenyeji wamekuwa wakiuliza watapata nini kambi ikigeuka kuwa mji wa kudumu. Mwaka 2015, jamii na kaunti zilitoa takriban hekta 1,500 kwa ajili ya makazi ya Kalobeyei, kwa makubaliano kwamba huduma zitawafaidi wote.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025, unalenga kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Ni tofauti kubwa na Machi 2021, serikali ilipoipa UNHCR siku 14 kutoa ratiba ya kuzifunga kambi hizo hizo, agizo ambalo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda Aprili mwaka huo. Hakuna anayejenga duka la mawe mahali panapotangazwa kufungwa.

Haraka ya sasa inatokana na njaa. Mwaka 2025, WFP ilipunguza sana mgao wa chakula kwa kukosa fedha, kisha ikaanza kuzigawa familia kwa makundi kulingana na mahitaji. Msaada unapopungua, mteja hukopa dukani, na mwenye duka hukopa kwa muuzaji wa jumla. Serikali inapowataka watu hao wajitegemee, kasi ya kutoa kitambulisho, kibali cha kazi na PIN ndiyo itakayoamua kama familia italishwa na duka lake au itaendelea kusubiri mgao.