Saa Zilizonyamaza Kabla ya Ujiji

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, Februari 1858, saa zao za kupimia longitudo zilikuwa zimeharibika njiani. Hasara hiyo si ndogo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, hivyo saa ikikosea dakika 1, mji husogea kwenye ramani karibu kilomita 28. Ikikosea 2, ufuo wa Ujiji unaweza kuhamia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Katika safari hiyo Speke alifunga risasi kwenye uzi, akaibembeza, akahesabu sekunde kwa mbembeo wake. Chombo walikuwa nacho. Fundi saa ndiye waliyemkosa.

Maana kufungua saa kuna adabu yake. Saa ya zamani ya mkononi, ile ya kujaza kwa vidole, hata ikivuliwa kifuniko cha nyuma mashine haitoki, kwa kuwa imeshikwa na kijiti cha kile kichwa cha kujazia. Fundi hulegeza skrubu ndogo iliyo karibu na kijiti, kidogo tu. Akizidisha, kipande kilichoshikwa nayo huanguka chini ya uso wa saa, na kazi ya dakika inageuka ya siku nzima. Kijiti kikichomoka, hutoa skrubu za pembeni, hugeuza saa, na mashine hushuka taratibu na mishale yake.

Mtu atasema saa za wasafiri zilikuwa nyeti, na kuzifungua kwenye vumbi kungeziua kabisa. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu: zilitegemea meza ya fundi iliyoachwa nyuma mwendo wa miezi karibu 8. Atasema tena kwamba David Livingstone, msafiri aliyekuja Ujiji baadaye, alipotelewa na siku, si dakika: shajara yake inaweka kuja kwa Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta, Oktoba 1871, naye Stanley aliandika Novemba 10. Hilo nakubali. Saa haihesabu siku. Lakini Waislamu wa Ujiji walihesabu kwa mwezi mwandamo, na aliyekosea alisahihishwa na jirani yake jioni ileile. Kipimo chao kiliishi pamoja na wenye kukirekebisha. Cha wageni hakikuwa hivyo. Reli ilipofika Kigoma, karibu na Ujiji, mwaka 1914, mwendo wa miezi ukawa wa siku chache, na saa iliyonyamaza ziwani ikaweza kumfikia fundi wa pwani, au fundi akaja na bisibisi zake.