Glavu za Edgemaster na maharagi ya mama mukubwa



Najua wengine watashangaa: mutu wa agronomia anakuja kutuandikia historia ya mchezo wa kompyuta? Munivumilie kidogo. Habari hii inapitia kwenye mchezo lakini inamalizikia shambani, na hasara iliyo ndani yake ilikuwa ya familia yangu.

Tuanze na mwaka 1999. Mwezi wa tatu, mchezo EverQuest ulitoka Marekani. Maelfu ya watu walicheza pamoja kwa intaneti, kila mmoja na mtu wake: mpiganaji, mganga, mwizi. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta silaha na mavazi, na kila kitu kilikuwa na maandishi madogo ya kueleza kinafanya nini. Shida ni kwamba maandishi hayakusema yote. Kulikuwa na mshipi mweusi wa hariri, Flowing Black Silk Sash, uliokuwa unaharakisha mikono ya aliyeuvaa. Kwa kiasi gani? Kimya. Wachezaji njo walikaa na kuhesabu mapigo, na mshipi na bila mshipi, mpaka wakaipata namba: 21%.

Tarehe 23 Novemba 2004, World of Warcraft ilizinduliwa. Hapa maandishi yalikuwa mengi zaidi, lakini hesabu yenyewe ilibaki imefichwa ndani ya kompyuta za kampuni. Njo tunafika kwa glavu zangu.

Zinaitwa Edgemaster's Handguards. Maandishi yake yalisema tu: zinaongeza ujuzi wa visu, panga na shoka kwa 7. Basi. Haziongezi nguvu, haziongezi uzima. Wachezaji wengi wa mwaka 2005 waliziona sawa vile takataka yenye rangi nzuri. Mpiganaji wa ngazi ya 60, ambayo ilikuwa ya mwisho, alikuwa na ujuzi wa 300. Kufika 307, ni kitu gani hicho?

Kumbe kitu kilikuwa kwa adui. Wakubwa wa mwisho wa mapango, wale wenye kupigwa na watu 40 pamoja, walihesabiwa kama ngazi ya 63, na ulinzi wao ulikuwa 315. Kati ya 300 na 315 kulikuwa na pengo la 15, na pengo hilo lilikuwa linakula kimyakimya. Pigo la kawaida lilikosa mara 8 katika 100. Tena mapigo 40 katika 100 yalikuwa ya kuteleza: yanamgusa adui kwa pembeni tu, na yanabeba karibu 65% ya nguvu yake. Ukivaa zile glavu, kukosa kunashuka hadi karibu 6%, na pigo la kuteleza linapanda hadi karibu 93%. Fanyeni hesabu: mapigo 40 yenye 65% yana thamani ya mapigo 26 kamili, yenye 93%, ni 37. Ni sawa na kuongezewa mapigo 11 kamili kwa kila 100. Hayo yote yalikuwa nyuma ya mstari mmoja ambao watu walikuwa wanauruka.

Sasa swali la historia: walijuaje? Kampuni haikuwapa kitabu. Walikuwa na kitu kimoja tu: mchezo ulikuwa unakubali kuandika kila pigo kwenye faili ya maandishi. Pigo, kukosa, kuteleza, kiasi cha maumivu, mstari kwa mstari. Watu walikusanya mistari hiyo na kuhesabu. Na humo ndani kuna mitego mitatu ambayo mimi, mwenye diplome ya agronomia, nilipaswa kuitambua mbele ya kila mtu.

Mtego wa kwanza ni uchache. Ukipiga mara 100 na kukosa kwa kweli ni 8%, unaweza kuona 3, unaweza kuona 13, na yote ni bahati tu. Kwa mapigo 100 huwezi kutofautisha 8% na 6%. Unahitaji maelfu, tuseme 10,000. Kwa silaha inayopiga kila sekunde 2.5, hiyo ni karibu saa 7 za kupiga bila kupumzika, na mkubwa wa pango hakai hai saa 7. Unakusanya usiku kwa usiku, mara nyingi.

Mtego wa pili ni udongo. Ndiyo, niliandika udongo. Mchezaji wa kabila la Orc alizaliwa na ujuzi wa ziada wa 5 kwa shoka. Binadamu alikuwa nao kwa upanga na rungu. Mmoja wao akizijaribu glavu na silaha ya kabila lake, anatoka 305, siyo 300, na kule mapigo yake ya kuteleza tayari yanabeba karibu 85%. Ataona nyongeza ndogo na atasema glavu ni bure. Mwenziwe wa kabila lingine ataona nyongeza kubwa. Watabishana usiku kucha, na hakuna anayedanganya. Walianza tu kwenye udongo tofauti.

Mtego wa tatu njo unaniumiza zaidi: kupima kitu ambacho siyo chenyewe. Ukihesabu mapigo ya kuteleza ni mangapi, unapata 40 bila glavu na 40 na glavu. Hakuna kilichobadilika! Hayapungui hata moja. Kinachobadilika ni uzito wa kila moja. Aliyehesabu bila kupima uzito angeapa mbele ya watu kwamba glavu hazina kazi. Ni sawa na kuhesabu maganda ya maharagi bila kuyafungua na kupima mbegu.

Jibu la mitego hii lilikuwepo zamani. Mwaka 1919, Ronald Fisher aliingia kutumika Rothamsted, Uingereza, kituo cha kilimo ambacho kilikuwa kinapima ngano kwenye shamba la Broadbalk tangu 1843. Alikuta vitabu vimejaa mavuno ya miaka na miaka, lakini mbolea na udongo na mvua vyote vimechanganyika. Akaonyesha njia: rudia jaribio mara nyingi, gawa shamba katika bloku ambazo ndani yake udongo unafanana, na uache kura ichague ni parsele gani inapata nini, siyo mkono wako. Kitabu chake juu ya kupanga majaribio kilitoka 1935. Wachezaji wa 2005, wengi wao hawakuwahi kushika jembe, walilazimishwa na zile glavu kurudi kwenye sheria za shamba la ngano.

Sasa, maharagi.

Baada ya kumaliza licence, nilienda Walungu kwa mama mukubwa, msimu A. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anauza mbolea ya maji katika vibidoni, yenye maandishi mazuri sana: inaongeza mavuno, inakinga magonjwa. Mama mukubwa akaniambia: «Wewe njo ulisoma. Inafanya ao haifanyi?» Nikataka kumjibu kama mutu wa sayansi. Nikanyunyiza parsele moja, nyuma ya jiko. Maharagi yakapanda majani makubwa, ya kijani, mpaka majirani wakaja kuangalia. Nikasema: inafanya.

Msimu B akauza mbuzi mbili, tukanunua vibidoni vya shamba lote. Mavuno yalikuwa sawa na ya majirani ambao hawakutia kitu.

Nyuma ya jiko, wandugu. Pale ambapo kila siku wanamwaga majivu, maganda ya ndizi na mavi ya mbuzi. Parsele moja. Bila ya pili ya kulinganisha. Na nilikuwa nimeangalia majani, siyo uzito wa mbegu. Mitego yote mitatu kwa msimu mmoja, na kwenye memwari yangu nilikuwa na bloku nne zilizopangwa vizuri, jury ikanipongeza.

Miezi mingi nyuma yake, binamu yangu aliye Ubelgiji alinieleza habari ya glavu. Alikuwa anacheza toleo la zamani ambalo kampuni ilirudisha tarehe 27 Agosti 2019. Safari hii hakuna aliyedharau zile glavu. Toka wiki za kwanza watu walikuwa wanakusanya dhahabu ya kuzinunua, juu hesabu ilikuwa imeshafanywa na wengine mbele yao. Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mbuzi mbili.

Na hapa niseme ukweli: mpaka leo siwezi kusema ile mbolea ni mbaya. Pengine inasaidia kidogo, pengine haisaidii kabisa. Shamba lote lilinyunyizwa, sikuacha hata mstari mmoja bila dawa. Kwa hiyo hata hasara yenyewe haikutufundisha kitu juu ya kile kibidoni.

Vijana wenzangu, kila siku vijijini tunaulizwa «inafanya ao haifanyi», juu tulisoma. Siyo lazima uwe na laboratwari. Uwe na kamba, vijiti, mizani na karatasi za kupiga kura. Na uwe na nguvu ya kumwambia mama: «Ngoja msimu mmoja, bado sijui.» Ile sentensi njo ilinishinda, juu nilikuwa naogopa ataona nilisoma bure.

Msimu huu nimerudi Walungu na kibidoni kimoja kilichobaki. Bloku nne, parsele nane, nusu na dawa, nusu na maji matupu. Kura ilipigwa na mtoto wa mama mukubwa, vikaratasi ndani ya kofia. Mama mwenyewe hajui ni zipi zina dawa, na njo yeye atakayepima kwa mizani. Nyuma ya jiko tumepanda lengalenga.

Nitawaletea namba tukivuna. Na wewe, ni kitu gani ulikitangaza kwa watu kwa sababu ya parsele moja? Andika hapa chini, tusomeshane.