Siku Isiyotiwa Alama

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, enzi za Mwingereza, mwezi wa kazi haukuhesabiwa kwa kalenda. Ulihesabiwa kwa alama 30. Kila kibarua alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku zake, na siku haikutiwa alama mpaka amalize kazi aliyopimiwa. Kadi isipojaa, hakuna mshahara. Wengi walichukua mwezi na nusu kuijaza, wengine zaidi. (Kipande hiki si kile cha Kenya, kitambulisho ambacho wanaume walilazimishwa kukining'iniza shingoni.)

Mkata mkonge alihesabiwa matita. Alikata majani, akaondoa miiba ya ncha, akafunga majani 30 tita moja, kisha akayabeba begani hadi kwenye reli ya matoroli. Mzoefu aliyeingia shambani alfajiri aliweza kumaliza adhuhuri. Mgeni je? Huyo mara nyingi alikuwa mmoja wa manamba, watu walioletwa kutoka mbali kama Songea na Kigoma na kuitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta, SILABU. Manamba mpya angeweza kuwa bado anakata jua likielekea kuzama, na saa hizo za ziada hazikuandikwa popote. Matita yakipungua, jasho la kutwa lilipotea, maana nusu siku haikuwa na alama yake.

Hata hivyo kipimo kilimbana mwenye shamba pia. Aliyemaliza, amemaliza: alishika njia ya kambini, akalima kibustani chake au akalala, na wasimamizi walibaki kunung'unika kwamba Mwafrika anafanya kazi nusu siku. Kuongeza matita kulikuwa kuchokoza ugomvi. Mpaka wa kazi ulilindwa hivyo, kimyakimya, kabla chama cha wafanyakazi wa mkonge chini ya Victor Mkello hakijapata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mgomo wa shamba la Mazinde ulipodumu zaidi ya miezi miwili.

Leo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inapima kazi kwa saa: 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na kila saa hulipwa angalau mara moja na nusu. Kibarua wa kipande hakuwa na haja ya saa. Aliuliza yamebaki matita mangapi.