MUZIKI NA KARANTINI (SEHEMU YA 4): PIANO YA SAA TATU USIKU

Tumeshaongea kuhusu watu kutengwa kwa sababu ya ugonjwa. Neno lenyewe karantini chimbuko lake ni Venice, na maana yake ni arobaini, siku arobaini za meli kukaa kando ya bandari. Arobaini sisi tunaijua, muulize mama yeyote aliyejifungua. Leo nawaletea kitu ambacho pengine hamkukitegemea kwa nesi: piano.

Turudi Machi 2020. Tarehe 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa, akatangaza shule zifungwe na mikusanyiko isimame, matamasha ya muziki yakiwemo. Nani kasahau? Watoto walirudi nyumbani na madaftari yao, sisi tukabaki na ndoo za maji tiririka.

Sasa sikia. Siku tano kabla ya tangazo hilo, Alhamisi tarehe 12, huko Berlin kumbi za muziki zilikuwa zinafungwa. Mpiga piano mmoja, Igor Levit, aliyezaliwa Urusi mwaka 1987 na kuhamia Ujerumani akiwa mtoto wa miaka 8, akaona hana pa kupigia. Ni mtu wa muziki wa klasiki, ule wa Ulaya wa kusoma nota, ambao kawaida unausikiliza umekaa kimya kwenye ukumbi, hata kukohoa unaogopa. Yeye akawatangazia watu kwenye Twitter kwamba atapiga nyumbani kwake, mubashara, saa 1 jioni ya Berlin. Kwetu hiyo ni saa 3 usiku. Simu ikawekwa mbele ya piano, akasalimia, akapiga.

Alianza na sonata ya Beethoven inayoitwa Waldstein. Hapa naomba tukae kidogo, maana mimi kama muuguzi hapa ndipo paliponishika.

Beethoven alikuwa anapoteza usikivu. Oktoba 1802, akiwa kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuituma, ikakutwa kwenye karatasi zake baada ya kifo chake mwaka 1827. Anaeleza kwamba watu wanamwona mkali, mtu asiyependa wenzake, kumbe anawakimbia kwa aibu. Mwanamuziki atamwambiaje mtu "ongea kwa sauti, sisikii"? Alikuwa amefikiria kufa. Yaani mtu amejiweka karantini mwenyewe, na hakuna aliyemwambukiza. Waldstein aliiandika baada ya hapo, kati ya 1803 na 1804. Kwa hiyo usiku ule wa kwanza wa Levit, watu waliofungiwa ndani walipigiwa kazi ya mtu aliyekuwa amejifungia kabla yao kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Levit aliendelea jioni baada ya jioni, ikafika zaidi ya mara 50. Wengine nao walifanya yao. Wanamuziki wa Rotterdam Philharmonic walipiga kipande cha simfoni ya 9 ya Beethoven, kila mmoja kwake, video zikaunganishwa zikawa moja. Nzuri sana, nimeiangalia. Lakini ukiniuliza mimi, ya Levit ilikuwa dawa zaidi, na sababu ni saa. Ile ya kuunganishwa unaiangalia ukipenda, hata leo. Ya Levit ulijua leo kuna mtu atakuja.

Mgonjwa aliyetengwa huwa hakuulizi sana habari za vidonge. Anauliza, "Sista, watakuja saa ngapi?" Ukimwambia "watakuja," anahangaika mchana kutwa. Ukimwambia "saa kumi," anakula, analala kidogo, saa tisa na nusu anaomba umwinue akae vizuri. Nimeyaona hayo mara nyingi. Hata mwali wetu akiwekwa ndani wakati wa unyago haachwi na ukuta; kungwi ana muda wake wa kuja, na anakuja na nyimbo.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka sisi tulikuwa na yetu kabla ya bando. Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa na kipindi cha wagonjwa, Ugua Pole. Salamu na muziki kwa watu waliolazwa, kwa saa inayojulikana. Redio moja ya mkulima kwenye dirisha la wodi iliwatosha wote, na haikukatika katikati kama video zinavyotukatikia huku kwetu mtandao ukigoma. Muziki haukuwa wa Beethoven, ulikuwa wa dansi, lakini kazi ilikuwa ileile.

Nimalizie na tarehe 30 Mei 2020. Levit aliingia studio Berlin peke yake kupiga Vexations ya Erik Satie. Ni ukurasa mmoja tu wa nota, ila mtunzi ameandika maelezo kuhusu kuurudia mara 840. Levit akaurudia zote 840, mubashara. Ilichukua zaidi ya saa 15. Nyie mnaolalamikia zamu ya usiku, hesabuni wenyewe, na huyu hakuwa na wa kumkabidhi zamu! Kila raundi ilikuwa na karatasi yake. Akiimaliza anaidondosha sakafuni, anachukua nyingine. Karatasi zile zikapangwa kuuzwa moja moja, fedha ziende kwa wanamuziki waliokosa kazi kwa sababu ya kufungwa kwa kumbi.

Sehemu ya 5 Jumapili, saa 3 usiku.